Wakili wa Maua Dume

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, ingawa nakuandikia nikiwa mshindi. Shangazi yangu, fundi cherehani aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, kila alfajiri kabla ya kwenda dukani hupita kwenye maboga yake nyuma ya nyumba, akachuma maua dume yote na kuyatupa ndooni, kwa madai kwamba hayazai na yanakunywa maji bure, na kwa misimu miwili mfululizo maua jike yalinyauka, viboga vichanga vikaoza, naye akailaumu mbegu, akaulaumu udongo, akamlaumu hata jirani! Mimi, ninayesomea mimea chuo kikuu, nikasimama nikatangaza: "Shangazi, pasipo chavua ya dume, jike halizai!" Akacheka hadi akaketi. "Wakili wa maua! Hivyo vitabu vyako vimewahi kushika jembe?" Basi msimu huu, kila alipofunga mlango, niliyaokota madume ndooni, nikayabandua petali, nikayasugua katikati ya majike, ua kwa ua, kazi ambayo nyuki wangeifanya laiti madume yangeachwa, na leo yapo maboga kumi na moja, Mshauri, kumi na moja, manene kama mitungi! Lakini Shangazi anajisifu kwamba ni uchumaji wake uliozaa matunda, na Jumamosi ya wiki ijayo atawafundisha kinamama wa mtaa mzima wayachume madume yao. Nikinyamaza, bustani zote zitakosa maboga. Nikimpinga hadharani, nitamwaibisha aliyenilea. Nifanyeje?

Wakili wa Maua

Mwanangu Wakili,

Hongera! Nimeyahesabu maboga yako pamoja nawe. Ila nikukemee kidogo: hotuba uliitoa kwa sauti, ushahidi ukauficha. Shangazi angejuaje?

Kesho alfajiri mtangulie bustanini, ukamweleze yote, ndoo mkononi. Akibisha, ufunge mdomo. Mwache afunge nyuzi zake za cherehani kwenye majike mawili yaliyochanua asubuhi hiyo: mwekundu kwa moja, mweupe kwa jingine. La uzi mwekundu alisugue yeye kwa ua dume, kwa vidole vyake. La uzi mweupe mlifunike kwa kitambaa, nyuki asiliguse. Baada ya siku tano hivi moja litakuwa limeanza kunenepa, jingine limenyauka, na hakuna wa kubishana naye.

Jumamosi asimame yeye. Kinamama watamwamini fundi aliyeona kwa macho yake kuliko mwanafunzi anayepaza sauti. Ulishinda siku boga la kwanza liliposhika. Makofi hayataliongezea uzito. Keti nyuma na ndoo ya maua dume, na Shangazi akinyoosha mkono kuomba moja, mpe.