Gamba Nililompa Jirani

Jumatano, Julai. Lucky Summer, Nairobi.

Leo jua halikutoka. Tangu alfajiri wingu limelala juu ya mapaa, na baridi ya mwezi huu imeniingia magotini kiasi kwamba sala ya asubuhi niliisali nikiwa nimekaa kitini. Sikuweza kwenda msikitini. Nilibaki sebuleni mbele ya tangi la samaki, kwa kuwa ndipo penye joto, na ndipo mahali pekee katika nyumba hii ambapo kuna kitu kinachosogea bila mimi kukisogeza.

Kwa msomaji asiyewajua, samaki ninaowafuga asili yao ni Ziwa Tanganyika. Ni wadogo, mkubwa wao hafikii urefu wa kidole gumba. Kila mmoja huwa na gamba tupu la konokono, nalo ndilo nyumba yake. Humo hulala, humo hukimbilia akitishika, na humo jike hutaga mayai na kulea vifaranga. Maji ya kisima cha ploti yetu, ambayo wapangaji wote wanalalamika kwamba yanaharibu chai, samaki hawa wanayapenda. Marehemu mke wangu, Allah amrehemu, alikuwa akiwaita wapangaji wetu wasiolipa.

Walikuwa wengi. Mwezi wa tano stima ilipotea kwa muda mrefu, maji yakapoa, pampu ya hewa ikanyamaza, nao wakafa karibu wote. Walisalia wanne: dume, jike, na vijana wawili wa uzao uliotangulia.

Juzi niliwatoa vijana hao zawadi.

Aliyepewa ni Otieno, jirani wa ghorofa iliyo chini yangu, fundi wa friji. Alipanda kunitengenezea ile pampu, akakataa malipo, kisha akakaa akiwatazama samaki muda mrefu kuliko aliotumia kuitengeneza. Anacho kitangi chake mwenyewe, chenye samaki wawili wekundu, wanene. Nikaona ni vyema nimpe kitu anachokipenda.

Samaki huyu hakamatwi kwa wavu. Unangoja aingie gambani, unaziba mdomo wa gamba kwa kidole, unaliinua pamoja naye. Nilifanya hivyo mara mbili. Kisha nikaongeza gamba la tatu, ili vijana wawe na pa kuchagua. Lilikuwa limefukiwa mchangani karibu lote, mdomo ukionekana kidogo tu. Nililiona kama gamba lililotupwa.

Halikuwa limetupwa.

Jike akishataga hulifukia gamba lake namna hiyo hiyo, ili asilione mwenye nia mbaya. Jambo hilo nalijua kama ninavyojua idadi ya rakaa. Juzi sikulikumbuka.

Leo asubuhi nilimkuta jike pale pale nilipolichimbua. Anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anarudi kuchota tena. Shimo limekuwa pana kuliko yeye. Nilimtilia chakula, hakukigusa. Dume alipomsogelea, alifukuzwa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, nikaikumbuka na midomo ya wale samaki wekundu wa Otieno, ambao kifaranga kwao ni tonge tu.

Mimi nimesomeshwa dini, na nimeisomesha. Nimewaambia watoto wa madrasa, mwaka baada ya mwaka, kwamba mtu haombi kurudishiwa alichokitoa zawadi, na mfano wa mbwa uliopigwa kwa afanyaye hivyo si mfano wa kuutaja mezani. Nimewasimulia pia habari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake, na amri iliyotoka kwamba mama huyo arudishiwe wanawe. Niliyafundisha hayo mawili kwa siku mbalimbali. Sikuwahi kufikiri kwamba yangekuja kunisimamia pamoja, sebuleni kwangu, kwa sababu ya samaki.

Angekuwapo mke wangu tungelijadili jambo hili mpaka mchana. Leo nililijadili peke yangu, kwa sauti, na nikajisikia nikijijibu.

Sikuwa nimezungumza na mtu tangu juzi.

Baada ya sala ya Adhuhuri nilishuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Nilijiambia kwamba siendi kuomba chochote, naenda kutazama tu hali yao. Mlango ulifunguliwa na mke wa Otieno, Mama Vero, mwiko ukiwa mkononi.

"Ustadh! Karibu. Ingia uketi, usisimame kwa mlango kama landilodi."

Otieno alikuwapo, kwa kuwa baridi kama hii haimletei fundi wa friji kazi. Nilimwomba aliangaze lile gamba la tatu kwa taa ya simu. Tulichungulia pamoja. Kwenye ukingo wa ndani palikuwa na vitone vidogo vyenye macho, vikitikisika, vingi. Samaki mmoja mwekundu alikuwa juu yake, ameelekeza mdomo chini, akingoja.

Nikawaeleza yote. Otieno alinisikiliza kwa adabu, kisha akashindwa kujizuia.

"Ustadh, sisi kwetu ukipewa samaki, ni ameshakaangwa. Hakuna mtu hurudi kuulizia watoto wake."

"Wewe nawe," mkewe akamkemea, huku naye akicheka. "Si umpe mzee gamba yake?"

"Nimekataa? Ustadh, chukua tu. Beba hiyo gamba, urudishie mama yao."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Sikuomba, nilipewa. Kisheria ningeweza kulipokea, na mwanafunzi wangu yeyote angenitetea. Lakini niliijua nia niliyoshuka nayo ngazi. Nilikuwa nimekuja nikitumaini kwamba Otieno atasema maneno hayo hasa, na mtu anayepanga apewe ameshaomba.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Hilo ni lako. Nitakuletea mama."

Otieno alinitazama. "Yaani unaongeza? Wewe ukikosea unaongeza?"

Akawahamishia samaki wekundu kwenye karai, nami nikapanda tena. Jike alikuwa bado anachimba. Nilipoingiza mkono majini alikimbilia gamba la karibu, ambalo ni la dume; nikaliziba kwa kidole, nikaliinua, nikaliweka kwenye bakuli lenye maji yale yale waliyoyazoea. Nilipumzika kila ngazi chache, bakuli kifuani, nikimwomba Mola asinifanye nianguke naye.

Otieno aliyachanganya maji kidogo kidogo kwa kikombe, kama nilivyomwelekeza, kisha tukamwachia. Alitulia chini kwa muda, rangi imempauka, hata nikaogopa. Halafu akanyanyuka, akaupita mdomo wa gamba moja, akaupita wa pili, akafika kwenye lile la tatu. Alisimama mbele yake. Sijui samaki humtambua mwanawe kwa kitu gani, na sitajifanya najua. Aliingia. Alipotoka, alianza kuutupa mchanga kulifukia upya, na mmoja wa wale vijana aliyesogea kutazama alifukuzwa hadi pembeni.

"Ona huyo," Mama Vero akasema. "Amefika saa hii na ameshaanza kazi. Hata chai hajapewa."

Tukacheka sote watatu. Sauti yangu ya kucheka ilinishangaza, ilitoka imekauka.

Kisha Otieno akauliza, "Na baba yao?"

Nikasema kwamba tangi lake ni dogo. Ni kweli kwamba ni dogo. Lakini samaki hawa huishi ukoo mzima mahali pasipozidi upana wa msala wa kusalia, na tangi lile lingewatosha. Otieno aliitikia kwa kichwa kwa heshima. Nilikunywa chai yao, nikaaga, nikapanda.

Sasa Magharibi imekwisha saliwa, nami naandika haya mbele ya tangi. Dume anaingia gamba moja, anatoka, anaingia jingine, anatoka. Ameyapitia yote, ameanza tena. Hakuna anayemfukuza.

Yafaa niseme kweli, angalau hapa. Nilipokuwa nikimchukua jike, dume alikuwa karibu na kiganja changu, na ningeweza kumchukua vilevile. Mkono ulikataa. Niliwaza tangi hili likiwa maji matupu na pampu ikivuma bure, nikauondoa mkono haraka, kabla dhamiri haijasema neno. Nimemrudisha mama kwa wanawe, na kwa tendo hilo hilo nimemtenga mwingine na wake, kwa sababu nilitaka mwenzangu.

Kesho, nikijaaliwa kuamka, nitamteremsha.

Kwa leo nimemwomba radhi, abaki nami.