Barua ya Damu ya Ryoba

Jumanne, 4 Machi 2025
Majibu yametoka! Daktari kapiga simu kutoka Mwanza, barua inakuja na basi. Miezi mitano tangu watutoe damu, mimi na Ryoba. Leo mwanangu kaanguka mara tatu njiani kwenda shule. Miaka saba, na akitaka kuinuka lazima ajishike magoti, halafu mapaja, ndipo asimame. Mama Robi, mwenye mji wetu, anasema ni uvivu. Uvivu gani unamliza mtu?

Ijumaa, 7 Machi
Nimeichukua barua Nyamongo. Sikuamini nilichosoma, nikampigia daktari. Akarudia taratibu: misuli ya Ryoba itazidi kudhoofika, dawa ya kumponya hakuna. Na ugonjwa umepitia kwangu, si kwa baba yake. Kila mtoto wa kiume nitakayemzaa — nusu kwa nusu kuupata.

Nusu kwa nusu! Na mimi nimeletwa hapa nizae wa kiume tu. Mama Robi ana mabinti watupu, ndiyo maana akatoa ng'ombe akanioa yeye mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, kwa mila yetu ya nyumba ntobhu. Mwanamume wa kunizalisha alimchagua yeye: Heche, jirani yetu hapa Matongo. Na ng'ombe wale kaka yangu Joram keshaolea. Nirudi wapi?

Jumamosi, 8 Machi
Mama Robi hajui kusoma. Kaniambia nimsomee. Nikasoma: ugonjwa wa misuli, wa kurithi. Mstari unaofuata unanitaja mimi. Hapo hapo akajipiga paja — ni damu ya Heche, alijua tu ukoo ule una kitu! Nikakunja karatasi, sikumsomea kilichobaki. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 12 Machi
Mama Robi kamtukana Heche kisimani mbele ya watu. Kanitazama, akaondoka. Mtu hana kosa! Naona aibu. Mama Robi anatafuta mwanamume mwingine, wa ukoo wa mbali.

Jumapili, 16 Machi
Kampata. Yuko uani sasa hivi, anaitwa Nchagwa, wa Machochwe. Jogoo kachinjwa. Ryoba kaenda kumwamkia, akaanguka. Nchagwa hakucheka. Kamtazama anavyohangaika kuinuka, kisha akauliza, mtoto ana nini?

"Ya baba yake hayo," Mama Robi akasema. "Barua ya hospitali ipo."

Basi mgeni, kwa upole wake, akasema angependa kuiona kwanza. Amefika kidato cha nne.

"Eunice! Lete ile karatasi, mgeni ajisomee!"

Nimeingia ndani, eti naitafuta. Ipo chini ya daftari hili. Moto uko hapa hapa jikoni. Nikiichoma, Heche anabaki na aibu yangu, na mimi nazaa kwa kubahatisha. Nikiitoa — nitakuwa mke wa nini kwenye mji huu?

Ameita tena. Sasa kamtuma Ryoba aje anihimize. Namsikia anajishikiza ukutani, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Atachukua muda kufika.