Nafasi Nyembamba

Jumatatu, 19 Mei 2025

Nina siri ya kijinga. Kwenye ile programu ya hesabu ya klabu, kabla ya kila mabano naweka nafasi nyembamba. Nabonyeza kitufe cha Escape, cha nafasi mara mbili, kisha Escape tena. Kwa macho huwezi kuitofautisha, na hesabu inatoka vilevile. Darasani siwezi kuinua mkono hata nikijua jibu. Lakini hizo nafasi ni zangu. Kama sahihi — ila hakuna wa kuisoma.

Alhamisi, 22 Mei

Nimempa rafiki yangu Nimco mradi wangu wa klabu. Wote! Mama yake amelazwa, yeye ndiye anawapikia wadogo zake, na mwisho wa kuwasilisha ni kesho. "Wee Kavi, wallahi nitabadilisha kila kitu. Hata wewe hutautambua."

Ijumaa, 23 Mei

Kweli amebadilisha. Majina, rangi za grafu, mpangilio. Amewasilisha hata kabla yangu. Tulicheka.

Jumatatu, 26 Mei

Mwalimu Nzomo wa klabu hakufundisha. Aliandika ubaoni ToCharacterCode — fanksheni iliyomo tayari ndani ya programu. Unaipa maandishi, inakurudishia namba ya kila herufi, hata usiyoiona. Nafasi ya kawaida ni 32. Akasema kuna kazi mbili hapa zimejaa 8201. Mbili tu. Alisema polepole, akizunguka kati ya madawati. Mmoja amenakili, kesho tutamjua, na ufadhili wake wa karo umekwisha. Feni za kompyuta tu.

8201 ni nafasi nyembamba. Ni mimi.

Baadaye chooni Nimco alinishika mkono. Vidole baridi! Bila ufadhili baba yake atampeleka kwa shangazi yake huko Garissa, shule basi. Na mimi je? Mama anafunga maboksi kiwandani Industrial Area, siku akiitwa; karo yangu pia ni ya ufadhili. Hilo sikulisema. Nilisema usijali. Mimi, kumwambia mtu usijali!

Jumanne, 27 Mei

Naandika humu humu darasani. Mwalimu anaamini mradi ni wa Nimco — aliwasilisha kwanza, na yeye huongea. Mimi ndiye naangaliwa. Nyuma yangu Triza ananong'ona: "Hawa wa kunyamaza ndio wabaya, manze."

Halafu mwalimu: Nimco, njoo utuonyeshe unaziwekaje hizo nafasi.

Hajui. Sijawahi kumwonyesha mtu.

Simu ya mwalimu imelia, amesimama mlangoni akiongea. Nimco yuko kwenye kibodi. Amejaribu, projekta imeandika ukutani 32, 32. Mtu amecheka.

Akishindwa, aliyenakili ni yeye. Akiweza, mwizi ni mimi. Ninachotakiwa kufanya ni kunyamaza tu — kitu pekee ninachokijua vizuri.

Anaangalia mikono yangu. Wa kulia unaandika. Wa kushoto umetoka wenyewe, umefika kona ya juu ya dawati, kushoto kabisa, mahali Escape hukaa. Umegonga.

Amenielewa. Amebonyeza.

Sasa kidole gumba, chini katikati, mahali pa kitufe cha nafasi. Mara mbili.

Mwalimu anasema haya, tutaongea jioni. Anakata simu. Imebaki Escape moja. Mkono wa kushoto umerudi konani, umegonga.