Samaki ya dot ya Bénita

Jumatano, tarehe 4 mwezi wa 6

Tante Émérance amenichosha! Dot ya mutoto wangu Bénita, sherehe ya mahari yake, ni Jumamosi, na yeye, dada ya bwana yangu, ameshaamuru: kila mugeni apewe samaki muzima, kichwa na mukia. Nikikata vipande, eti belle-famille, watu wa bwana-arusi, watasema tumewapa mabaki. Lakini samaki muzima wa kuenea kwenye sahani ni mutoto! Hajazaa hata mara moja. Njo vile Ziwa Edouard inaisha. Mimi nimezaliwa Vitshumbi, kando ya ziwa, ninajua samaki tuliyokula kule.

Nimemupigia mudogo wangu Kambere, bado anavua. Nimemuambia: lete tilapia kubwa tu, nitazikata mwenyewe. Ameitika polepole. Ao ni réseau ya simu.

Alhamisi, tarehe 5

Sokoni na Tante. Beseni kwa beseni, tilapia urefu wa kiganja. Nimeuliza kubwa, muuzaji akacheka: kwani maman unalisha kambi ya askari ya Katindo? Tante tayari anachagua. Nimekataa. Akatangaza mbele ya watu kwamba niko bahili. Mimi! Nimemuacha palepale.

Jioni Bénita amelia. Maman, ni dot yangu, si mukutano ya samaki, muache Tante anunue. Nikamuuliza watoto wake watakula nini. Akafunga mulango. Imeniuma sana.

Ijumaa, tarehe 6

Kambere bado. Simu haipiti. Viazi tayari, vitunguu tayari, samaki hakuna. Tante anaimba tu. Heri angenitukana.

Jumamosi, tarehe 7

Kambere amefika! Pikipiki, magunia, vumbi mpaka kwenye kope. Nimemukumbatia mbele ya Tante, aone vizuri. Nikafungua gunia.

Samaki watoto tu.

Nimemupigia kelele: nilikuambia nini? Akaangalia chini. Dada, nimelala majini siku tatu. Hizi njo kubwa zenye zimebaki.

Tante ameacha kuimba.

Zawadi ya mujomba haikataliwi siku ya dot. Na mikono yake imechanika na nyavu! Ningemufukuza namna gani? Niko jikoni, ninaandika juu ya goti kama mujinga. Mafuta imeshapata moto. Belle-famille wako kwenye mulango, vigelegele tayari. Bénita ameingia na nguo yake mupya, ananiangalia tu. Kambere ameshika samaki ya kwanza juu ya sufuria. Dada, tutie?

Wote wananingojea mimi. Nimemuambia: tia.