Awuor Hakutaka Kukua kama Mti wa kwa Mjomba

Jumatano, Machi 1996. Sori. Jua kali, upepo wa ziwani umejaa vumbi na harufu ya omena, dagaa wetu, wanaoanikwa.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilipoteza mtoto. Hakufa. Gwaride lilikwisha, darasa la tatu likaingia, na kwenye mkeka wa mbele palikuwa na nafasi ya Awuor, lakini Awuor hakuwepo. Shule nzima haikushtuka. Mimi ndiye niliyehesabu, nikapata arobaini na nane badala ya arobaini na tisa.

Nina hasira tangu siku hiyo. Leo imezidi.

Niandike kwa mpangilio, nisije nikachanganya hasira na ukweli.

Watoto arobaini na tisa, vitabu saba vya kusoma. Utawapimaje? Mimi sikusomeshwa na mtu. Niliuza omena mpaka nikajilipia chuo cha ualimu, na sokoni nilijifunza kwamba mtu hukuonyesha mfuko wake anapoongea, si anapoulizwa. Basi kila Ijumaa baada ya mapumziko watoto wangu husimulia. Mmoja anasimama, mimi nasikiliza kama ninayepima samaki. Je, anajua kilichotangulia na kilichofuata? Anajua kujumlisha? Maneno yake yameongezeka tangu muhula uliopita?

Halafu nasikiliza la pili, ambalo halina alama. Mtoto hawezi kukuambia ana njaa. Atakuambia fisi ana njaa.

Mwanzoni waliogopa. Nyanya zao waliwaambia hadithi ya mchana hudumaza mtu. Nikawaambia wasiache kile kimalizio chetu, kitawakinga. Kila Mjaluo anakijua: "Thu tinda! Nikue nirefuke kama mti wa nyumbani kwa mjomba wangu." Wakaridhika. Tangu hapo kimalizio hicho hakiachwi. Hata yule Ochola mwenye kigugumizi hukipigania mpaka kitoke.

Mamake Awuor alizikwa mwaka jana, ugonjwa ule ambao matangani hatuutaji. Babake alitangulia. Mtoto akachukuliwa na mjomba wake, Odoyo.

Kabla ya hapo sungura wa Awuor alikuwa mwizi wa njugu, mcheshi, akishikwa anatoroka. Muhula huu sungura ameanza kubeba udongo. Karai nane kabla ya jua kuwaka, nne jioni, ndipo apewe uji. "Zote kumi na mbili," akasema Awuor, bila kuhesabu kwa vidole. Nikampa alama zote za hesabu. Kisha nikatazama mikono yake.

Ijumaa iliyofuata sungura aliteremshwa shimoni kwa kamba. Wenzake wakavuta kamba juu wakaenda nyumbani kula. Hadithi ikakomea hapo. Akasema "Thu tinda," akaketi.

Hakumalizia kwa mti wa mjomba. Ijumaa nyingine vivyo hivyo.

Nilimpelekea mwalimu mkuu habari hizo. Akasoma alama nilizompa mtoto, tisa kwa kumi, akafurahi. Nikamweleza kuhusu kimalizio.

"Basi mpunguzie alama moja, hajamaliza," akasema.

"Mwalimu, hajasahau. Amekataa."

"Madam, hapa ni shule, si siwindhe."

Siwindhe ni nyumba ya nyanya, wanamolala watoto wakisimuliwa hadithi. Alidhani ananitusi.

Siku ya wazazi ilikuwa kesho yake. Nilimwomba jambo moja tu: asimsimamishe Awuor. Akamsimamisha wa kwanza, kwa sababu ndiye anayesimulia vizuri kuliko wote na afisa wa elimu alikuwepo. Odoyo alikuwa ameketi safu ya pili, kofia juu ya goti.

Awuor alisimulia kisa cha shimo. Afisa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mtoto akasema "Thu tinda," akageuka aketi.

"Malizia!" mwalimu mkuu akaita.

Awuor akamgeukia.

"Malizia, Awuor, wazazi wanangoja."

"Nimefika mwisho, mwalimu," akasema. "Sitaki kukua kama mti wa huko."

Mama mmoja akashika mdomo. Wengine wakacheka, na Odoyo akacheka kuwashinda wote. "Mwacheni abaki mfupi, atakula kidogo!" Watu wakaangua kicheko zaidi. Lakini niliiona ile kofia. Alikuwa anaikamua kama nguo iliyofuliwa.

Jumatatu, nafasi kwenye mkeka.

Jumanne nilikwenda kwa Odoyo. Nilimkuta akinoa jembe.

"Mwalimu, karibu. Umeleta hadithi nyingine?"

Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Yuko kwa watu wetu."

"Watu gani, wapi?"

"Kwani sungura hakukuambia? Si ndiye shahidi wako? Mlete basi kwa chifu, ale kiapo."

Mkewe alinisindikiza mpaka kwenye ua. Hakunitazama. Alisema neno moja akiwa ameinama kama anayeokota kuni: "Macalder." Kule wanakochimba dhahabu. Kabla ya hapo mtoto alikuwa akibebeshwa udongo wa machimbo ya hapa asubuhi na jioni, katikati ana shule. Sasa hana katikati.

Jumamosi nilisafiri mpaka Mbita kumtafuta mama mzazi wa babake Awuor. Nilimkuta akipepeta mtama. Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye kimalizio, ungo ukasimama.

"Alikataa? Mchana, mbele za watu?"

"Ndiyo, mama."

Akauweka ungo chini. "Hicho ndicho kitu cha mwisho mtoto anachojiombea," akasema. "Mlete hata leo. Nina kitanda na nina mdomo wa kumsimulia."

Jumatatu hii nilikuwa kwa chifu. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia ninachokijua: ng'ombe wa mahari hawakutoka Mbita kuja Sori, kwa hiyo kimila mtoto ni wa upande wa mamake, na yule bibi hana la kudai. "Lakini shule ina la kudai," akasema. "Mkuu wako aje mwenyewe aseme mwanafunzi wake ameondolewa masomoni akafanye kazi. Hapo natuma askari wangu Macalder siku hiyo hiyo. Wewe peke yako, mwalimu, umeniletea sungura."

Sikumchukia. Alinionyesha mlango ulipo.

Leo nimeugonga. Mwalimu mkuu alikuwa anakunywa chai. Akasema Odoyo ni mtu wa kamati ya shule. Akasema tunajenga darasa na Odoyo ndiye anayeleta mchanga. Akasema tungoje muhula uishe, pengine mtoto atarudi. "Tuone itakavyokuwa, madam."

Tuone nini? Mtoto wa miaka tisa, karai kumi na mbili alipokuwa na shule. Bila shule ni ngapi? Piga hesabu mwenyewe, wewe unayependa alama.

Nimekaa na maneno yake jioni yote. Nimeogopa pia, siwezi kusema sikuogopa. Anaweza kunihamisha kwa kalamu moja. Lakini nimerudi kwenye ile nafasi mkekani, na kila mara hesabu yangu inatoka ile ile.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho nitamwambia mwalimu mkuu ana kwa ana, nikiwa nimesimama, haya ninayoyaandika hapa nisije nikayalegeza:

Mwalimu, Ijumaa saa nne kengele ya mapumziko italia. Baada yake ni saa ya hadithi, na zamu ni ya Awuor. Sitampa mtoto mwingine zamu hiyo. Nitakuwa langoni, nimevaa viatu vya safari. Usiniambie habari za mchanga, wala za kamati. Ulimwita mtoto amalizie mbele za watu, naye akakujibu waziwazi. Nijibu nawe hivyo hivyo, kabla kengele haijanyamaza: unakuja nami kwa chifu, au huji?