Chaki za Kwenda Ulaya

Jumapili, Kitaji. Mvua imenyesha mchana ikakatika, sasa jua limerudi na upepo wa ziwani unapeperusha nguo nilizoanika. Neema, binti yetu, amelala. Mimi nimekaa mezani na moyo haujatulia, afadhali niandike.

Leo nimetoa shukrani kanisani.

Hapa kwetu mtu akirudi salama kutoka mbali hawezi kuingia kimyakimya. Lazima asimame mbele, aeleze mwaka wake umekuwaje, atoe alichonacho, na baada ya ibada vitu vyote vinapigwa mnada: kuku, mihogo, mkungu wa ndizi. Na mimi nimetoka mbali kweli. Mwaka mzima nilikuwa Ulaya, kwenye taasisi ya utafiti wa fizikia ya nadharia, mimi mwalimu wa sekondari wa Musoma. Wiki yote hii nilikuwa nawaza, nitasimama niseme nini?

Maana mwaka wangu umezaa sifuri.

Sifanyi mzaha. Kundi letu lilikuwa linapiga hesabu moja ndefu, kurasa kwa kurasa, kuona kama nadharia fulani inajipinga yenyewe. Vipande vingine vinaongeza, vingine vinapunguza, na mwishoni kikibaki chochote, hata kidogo, nadharia nzima imekufa. Miezi ya mwanzo kila nikijumlisha kinabaki kitu. Nilikuwaga narudi chumbani nalia kwa hasira, naosha uso, naanza upya. Mpaka siku moja vyote vikafutana. Hakikubaki kitu. Kiongozi wetu, bwana mkimya kupita kiasi, alisimama mbele ya ubao akacheka peke yake, halafu akaenda kutuchemshia sote chai. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yangu. Mume wangu Magesa akisoma hapa atanisamehe.

Sasa hebu nenda kawaeleze watu wa Kitaji hayo.

Watu walitarajia nilete redio kaseti. Wengine walitarajia friji. Tumetoka kwenye miaka ya foleni ya sukari na sabuni ya kukatiana vipande, na ingawa siku hizi biashara ni ruksa, maduka yanaanza kujaa, mtu akitoka Ulaya bado anaangaliwa mikono kwanza. Jirani mmoja aliniuliza huko tunatengeneza nini. Nikamjibu hatutengenezi kitu, tunafikiri. Akasema, "Mwaka mzima?"

Aliyetaka kuelewa hasa ni mama mkwe. Alikuja kutoka kijijini kwao Mugeta kunipa pole ya safari, akanikalisha jikoni. Hiyo taasisi yenu ina mashine gani? Haina mashine, mama. Ina nini basi? Ina ubao, chaki, karatasi, na watu. Akaacha kuchambua dagaa. Akaniangalia, kisha akasema kwa huruma kabisa, "Kumbe na wao hali ni ngumu hivyo! Sisi tulikuwaga tunafikiri ni huku kwetu tu." Nikajaribu kumweleza. Wapi! Alikuwa ameshawahurumia Wazungu, imekwisha. Akarudi kwake akisikitika.

Lakini lililokuwa linaninyima raha siyo hilo. Taasisi inataka nirudi kwa mwaka mwingine. Niliambiwa kabla sijaondoka kule, na jibu linatakiwa mwezi huu. Sikumwambia Magesa. Kila nikitaka kufungua mdomo nakumbuka kwamba mwaka mzima yeye ndiye aliyemsuka Neema nywele, vibaya, na ndiye aliyepanga foleni ya mafuta ya taa huku wanaume wenzake wakimwita Mama Neema. Nitamwambiaje aongeze mwaka? Na nisipokwenda, je? Hesabu inayofuata iko kichwani tayari. Naipigaga hata nikisonga ugali.

Mimi ni mwoga, basi.

Leo nikasimama. Nikasema Mungu amenilinda, nimesoma, nimerudi, na kwamba tulikuwa na hesabu ngumu ikatoka. Imetoka ngapi, sikusema. Nikatoa kitenge na sukari, nikakaa.

Hapo mama mkwe akainuka, hakuna aliyemwita. Alikuwa amefika jana kupitia Bunda, na kifurushi ambacho hakutaka nikiguse. Akakifungua mbele ya watu: maboksi ya chaki, nyeupe na za rangi. Mzee wa kanisa anayeendesha mnada akadhani ni sadaka, akainua boksi juu na kuuliza nani anaanza. Walimu wenzangu kule nyuma wakarukia, maana shuleni bado tunavunja chaki vipande tugawane. Bei ikaanza kupanda. Mama mkwe akamfuata mzee wa watu akamnyang'anya boksi mkononi.

"Hii siyo ya mnada, mzee! Hii inaenda Ulaya. Mkwe wangu anarudi kazini, na wenzake kule hawana vifaa. Arudije mikono mitupu?"

Vigelegele! Kanisa zima likapiga makofi. Mchungaji akaweka mkono juu ya maboksi, akawaombea watafiti wenye shida huko ng'ambo. Mimi nimeganda, sijui nicheke au nizame chini ya benchi. Nikamgeukia Magesa. Na yeye alikuwa anapiga makofi, anaangalia mbele.

Njiani nikamwuliza alijuaje. "Sanduku lako," akasema. "Tangu umerudi, nguo zako bado unazichomoa humo." Kumbe Jumatano aliyosema anakwenda Mugeta kuangalia ng'ombe, alikwenda kumweleza mama yake, asije akasikia kwa watu.

Kwa hiyo nimeruhusiwa, mbele ya kanisa. Wanawake wangapi wanapata hiyo, jamani? Nafurahi, nafurahi mno. Na hapohapo kuna kitu kinaniuma: nilitaka anizuie kidogo. Aseme tu, usiende.

Nimetoka sasa hivi kumwita chai. Nimemkuta barazani na kurasa zangu za hesabu. Hanioni. Anaipiga upya tangu mwanzo, kwa penseli, midomo inacheza, vilevile alivyokuwaga chuoni, enzi zile ambapo yeye ndiye aliyekuwa ananielewesha mimi. Amefika pale tuliponasa miezi mingi, na amepita.

Tuliomba nafasi ile ya Ulaya wote wawili. Wakachukua mmoja. Tangu siku hiyo hatujawahi kulizungumza, na mwaka mzima nilikuwa najiambia kwamba hajali.

Natoka tena. Chai inaweza kupoa. Nitakaa pembeni yake nimwulize: Magesa, na wewe ulitaka nini?