Kidonge Kisichogeuzwa

Klinikini, nje ya Praha
Alhamisi asubuhi

Dada yangu Liba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia kidogo, na mbwa wako Brok hajamng'ata tena mtu wa posta. Kama amemng'ata, basi hii umeipata kwa bahati tu. Mimi sijambo. Nasema sijambo kwa maana kwamba nimeketi kwenye benchi bustanini, nimevaa viatu vyangu mwenyewe, jina langu nalijua, na nimekunywa chai nikala mkate kwa yai. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu mara ya mwisho uliniambia kwamba wakishanipa hiyo dawa yao nitarudi naongea na viti. Leo nilipoamka nilikitazama kiti cha chumbani, Dada. Hatukuongea.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana simu zetu unazijua. Mimi nasema nimelazwa, wewe unasikia nimelewa, unaanza kunigombeza mpaka salio linakwisha. Kile kifaa chako cha masikio najua kimelala kwenye bakuli la sukari. Kwa hiyo soma taratibu, na ukifika mwisho usinipigie. Utaona kwa nini.

Habari ya ajali yangu uliisoma gazetini, kwangu hujawahi kuisikia, kwa sababu kila ulipouliza niligeuza maneno nikauliza habari za kuku. Sasa nakwambia. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, nimebeba abiria wachache waliosinzia, na pale reli inapokata kona kutoka msituni nikamwona mzee yuko katikati ya njia. Kikapu mkononi, anatoka kuokota uyoga kama nusu ya taifa letu inavyofanya msimu ule. Alinipa mgongo. Nilipiga honi, nikafunga breki, yote nikafanya kama nilivyofundishwa, na waliochunguza waliandika kwamba sina kosa. Lakini treni haisimami kama baiskeli. Kilichobaki kichwani mwangu si kishindo. Ni ule mgongo, namna ulivyokaa vilevile, haukugeuka, kana kwamba mimi na treni yangu yote na honi yangu yote hatukuwepo duniani. Jina lake lilikuwa Bwana Zelenka.

Baada ya pale sikuweza tena kuendesha. Wakanihamishia kwenye chumba cha vitu vilivyosahauliwa, ambako kazi yangu kubwa ni kulinda miavuli. Rafiki yangu Mirek, ambaye tulianza naye kazi ya udereva, ananiita waziri wa miavuli. Usingizi ukawa wa kuokoteza. Na mguu wangu wa kulia, Dada, ukawa na akili yake mwenyewe: kikipita kitu chochote kwa kasi, unakanyaga kama unatafuta breki. Nikiwa baa unakanyaga, nikiwa kanisani kwenye mazishi unakanyaga. Siku moja nilikanyaga nikaisukuma meza, bia ya Mirek ikammwagikia kwenye suruali, akaniambia kama simpendi ningesema tu. Vidonge vya kawaida nilivimeza, kimoja kikanifanya mnene, kingine kikanifanya nisijali kwamba nimekuwa mnene. Mgongo wa yule mzee haukuondoka.

Hapo ndipo daktari wangu akanielekeza kwa Daktari Šimůnková, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, anayefanya utafiti kwa watu wenye kiwewe kama changu. Akanieleza kwamba wanajaribu dawa iliyo ndani ya ule uyoga mdogo wenye kofia iliyochongoka, ule ambao Baba alikuwa akiukanyaga kwa kisigino akituambia tukimbie. Unapewa mara moja, unalala huku watu wawili wanakulinda mchana kutwa, halafu kwa miezi mnakaa mkiongea juu ya ulichokiona. Nikamuuliza kama inaponya. Akasema baadhi ya watu imewasaidia sana, wengine kidogo, wengine hapana, na kwamba anayeniahidi zaidi ya hapo nimkimbie kama Baba alivyosema.

Niliogopa. Sitaki kujifanya mwanaume mbele yako, wewe uliyenitoa juu ya mti wa cheri huku nalia. Mirek naye hakunisaidia. Alisema, "Ota, wewe bia ya tatu tu unaanza kuimba nyimbo za harusi, sasa unataka kwenda kuonana na malaika?" Lakini nilikuwa nimechoka na mguu wangu, nikatia sahihi.

Sasa cheka, maana hapa unaruhusiwa. Jana asubuhi waliniweka kwenye chumba kizuri, kitanda, maua mezani, zulia kama la bibi. Daktari Šimůnková akaja na sahani ndogo, juu yake kidonge kimoja cheupe. Nikamwambia naomba kwanza niuone uyoga wenyewe. Akauliza uyoga upi. Nikamwambia, huo mnaonipa. Sijawahi katika maisha yangu kula uyoga ambao sijaugeuza nikautazama chini ya kofia, nikaunusa, nikaona mguu wake umekaaje. Baba angefufuka. Daktari akaniangalia kwa huruma, akasema kilichomo kimetengenezwa maabara, hakuna mguu wala kofia. Nikasema basi sili. Nikakunja mikono kama mtoto aliyekataa mchicha.

Mlinzi wangu wa pili, muuguzi Hynek, jitu zima lenye shingo kama gogo, akauliza polepole kama sisi kwetu uyoga tunaukaanga na mayai kwa kiungo cha kisibiti au bila. Nikamwambia bila kisibiti huo si uyoga, ni adhabu. Daktari akasema kwao hawatii. Tukabishana pale, watu wazima watatu na kidonge kimoja kinasubiri, mpaka nikajikuta nacheka. Ndipo Daktari akasema, "Bwana Ota, hiki hakigeuzwi. Leo atakayegeuzwa ni wewe." Alitania tu, Dada. Nikakimeza kabla sijapata muda wa kuwa na akili.

Walinifunika macho kwa kitambaa, wakaniwekea muziki masikioni. Mwanzo hakuna kitu, nikawa nawaza kwamba wamenipa sukari. Kisha kitanda kikaanza kutetemeka, na mtetemo ule naujua, nimekaa juu yake maisha yangu yote. Nikajua nimo ndani ya treni. Ukungu ukaja. Harufu ya majani mabichi ikaja. Nilitaka kung'oa kitambaa nikimbie, na nilikuwa sina tena mikono. Sijui nikuelezeje hofu ile. Siyo hofu ya kitu kinachokuja. Ni hofu ya kujua kwamba kimeshafika na wewe ndiye umekileta. Mguu wangu ulikanyaga ukakanyaga. Kwa mbali sana nikasikia sauti ya Hynek ikisema, "Huo ni mkono wangu, Bwana Ota, siyo breki. Nauhitaji kesho." Nikaushika huo mkono kama mtu anayezama.

Mgongo ukatokea, na kikapu. Nikapiga honi. Safari hii, Dada, uligeuka, na nilichokiona nitakwambia mbele kidogo, niache kwanza nivute pumzi.

Baada ya pale treni ilisimama. Siku ile ya kweli sikushuka, nilibaki kwenye kiti mpaka polisi wakaja wakanishusha kama mzigo. Jana nilishuka. Nilitembea juu ya kokoto, nikakuta kikapu kimelala ubavu na uyoga umemwagika. Nikapiga magoti nikaanza kuugeuza mmoja mmoja, nikitazama chini ya kofia. Ulikuwa mzuri wote, hakuna wa sumu. Yule mzee alijua kuokota. Kulikuwa na mtu ameketi karibu yangu ambaye sikuthubutu kumtazama, naye alikuwa hana haraka. Nikalia. Hynek anasema nililia mpaka mto wakabadilisha.

Jioni waliniletea supu ya viazi, nikalala. Sijapona, nisikudanganye. Nimeketi hapa na nasikia treni inapita nyuma ya miti, na ilipopita mguu wangu ulikanyaga nyasi palepale. Nilifadhaika sana, nikadhani yote yamekwenda bure. Lakini siku nyingine zote nikisikia hivyo huinuka nikaingia ndani. Leo nimebaki kwenye benchi mpaka sauti ikaisha. Daktari amekuja akaniuliza vipi, nikamwonyesha shimo nililochimba kwa kisigino. Akasema tutaanzia hapo. Hakutabasamu, na hilo lilinitisha kuliko kila kitu.

Sasa Dada, kaa chini kama umesimama.

Misimu miwili ya uyoga imepita sijafika kwako. Nilikwambia ni mgongo unauma, halafu nikakwambia ni zamu za kazi, kana kwamba miavuli hukesha. Ukanikasirikia, ukamwambia jirani yako mama Hedvika kwamba mdogo wako amekuwa bwana wa Praha na anaona haya kukaa jikoni kwako. Mfuko wa uyoga mkavu ulionitumia nilishindwa kuufungua kwa sababu ya harufu, nikampa Mirek. Ndiye aliyekutumia ile kadi ya asante, na ndiyo maana iliandikwa vizuri.

Kitu ambacho gazeti halikuandika ni kwamba Bwana Zelenka alikuwa hasikii. Binti yake alinieleza alipokuja kunipa mkono, mtu mwema sana, akaniambia babake alikuwa na kifaa cha masikio na hakukipenda, alikiacha nyumbani. Aliyasema ili kunifariji, kwamba honi yangu isingefaa kitu. Hakujua anampa nani maneno hayo. Nyumba yako iko upande mmoja wa reli na msitu uko upande wa pili. Hakuna kizuizi pale, kuna alama tu ya msalaba ambayo nyasi zimeimeza. Kila asubuhi ya msimu unavuka na kikapu, na masikio yako yako kwenye bakuli la sukari.

Tangu siku ile, ninapoota, mgongo ule ni wako. Jana ulipogeuka, ulikuwa wewe, na kilemba chako cha kijani. Nililiita jina lako kwa nguvu hata Hynek akaniuliza baadaye kama Liba ni mke wangu. Nikamwambia hapana, mke nisingemwogopa hivyo.

Sikuacha kuja kwako kwa sababu sikupendi. Niliacha kwa sababu kushuka pale kituoni, upande wa msitu, ni kusimama kwenye reli ileile nikusubiri utokee kwenye nyasi, na gari halisaidii, barabara nayo inakatiza palepale. Niliona afadhali unione mwenye kiburi.

Jumamosi nakuja, kwa treni ya mchana, ndiyo maana nimesema usinipigie: tutaongea uso kwa uso. Nimekwisha kumwambia Daktari Šimůnková, akauliza kama nataka Mirek anisindikize, nikasema Mirek atataka kulishwa. Nakuomba mambo mawili. Kile kifaa kivae, hata kama kinapiga filimbi, hata kama kinakufanya usikie upumbavu wangu wote. Na usivuke kuja kunilaki, Dada, hata hatua moja, hata ukiniona nimeganda upande wa pili kama nguzo ya simu na watu wananitazama. Usinipungie mkono. Kaa upande wako, mshike Brok, nisubiri. Nitavuka mwenyewe, na kama nitachelewa, jua bado niko njiani.

Nisalimie mama Hedvika, mwambie bwana wa Praha anakuja na ataosha vyombo. Nasikia tena treni huko nyuma ya miti, naishia hapa kabla mwandiko haujaharibika.

Ni mimi mdogo wako mwoga,
Ota